Sura ya 6: Raha ya Barabara kwa Asiyeshika Usukani

Swali hili nimeulizwa na watu wa kila rika hapa Bujumbura: "Mimi sina gari, na leseni sina. Barabara ina raha gani kwangu?" Anayeuliza mara nyingi huwa ameshazipenda barabara, ila hajui kama mapenzi hayo yana mahali pake. Ni kijana anayegombea kiti cha dirishani kila akipanda basi la Gitega. Ni mama wa Buyenzi anayejua kwa mlio tu kwamba lori linalopita limebeba mzigo au limerudi tupu. Ni mzee wa Musaga ambaye kila jioni husimama kando ya barabara kuyatazama magari yanayoshuka kutoka Ijenda, na akiulizwa anangoja nani husema hangoji mtu.

Jibu langu ni kwamba raha ipo, na ninaliongezea jambo moja: asiyeendesha ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kuifurahia barabara. Dereva ana kazi. Macho yake yako kwenye breki za gari la mbele, shimo la kulia na mwendesha baiskeli aliyetokea ghafla. Haruhusiwi kutazama mtaro, ukuta wa mawe wala namna kona ilivyokatwa mlimani. Wewe uliye kwa miguu au dirishani umeruhusiwa vyote hivyo, na macho hayana pazia. Sura hii inaeleza cha kutazama, pa kukitazamia na namna ya kuanza.

Waliopanga barabara bila kuendesha

Tuondoe kwanza wasiwasi kwamba mambo ya barabara ni ya madereva peke yao. William Phelps Eno alizaliwa New York mwaka 1858, wakati mitaa ilijaa farasi na mikokoteni, na kila mtu alipita alipotaka. Msongamano ulimkera tangu utotoni. Alipokuwa mtu mzima aliandika kanuni za kupita barabarani, na mwaka 1903 jiji la New York likaanza kuzitumia. Ni yeye pia aliyepigania magari yazunguke upande mmoja katika njia panda kubwa, mtindo ulioanza Columbus Circle mwaka 1905. Eno hakuwahi kuendesha gari maishani mwake.

Mwingine ni Robert Moses, aliyesimamia ujenzi wa barabara kuu, madaraja na bustani za New York kwa miongo kadhaa ya karne ya 20. Daraja la Triborough, lililofunguliwa mwaka 1936, ni kazi yake. Huyu naye hakuwa na leseni. Alipelekwa na madereva, akakaa nyuma akisoma ramani zake. Wapo wanaomlaumu hadi leo kwa jinsi barabara zake zilivyovunja mitaa ya maskini, na lawama hiyo ina uzito. Mtu anaweza kuijua barabara kwa undani bila kuiendesha, lakini akisahau wanaotembea kando yake, ujuzi wake una kasoro kubwa. Mpenda barabara wa Bujumbura, ambaye mwenyewe ni mtembea kwa miguu, hawezi kusahau hilo kwa urahisi.

Anza na namba

Barabara kuu za Burundi hutambulishwa kwa herufi RN na namba. RN ni kifupi cha Kifaransa cha barabara ya taifa, yaani barabara kuu inayounganisha mikoa au inayofika mpakani. Kadhaa kati ya hizo zinaanzia Bujumbura, kwa hiyo mkazi wa mji huu amekaa kwenye kitovu. Hizi ndizo za kujua kwanza:

- RN1 inapanda milima hadi Bugarama, kisha Kayanza, na kuishia mpaka wa Rwanda kwenye mto Akanyaru.
- RN3 inafuata ufuo wa Ziwa Tanganyika kwenda kusini: Kabezi, Gitaza, Rumonge, Nyanza-Lac, hadi mpaka wa Tanzania.
- RN4 ni fupi. Inavuka mto Rusizi na kupita Gatumba hadi mpaka wa Kongo, upande wa Uvira.
- RN5 inakwenda kaskazini kwenye tambarare ya Imbo hadi Cibitoke na mpaka wa Rwanda huko Ruhwa.
- RN7 inapita Musaga na kupanda kwenda Ijenda, nchi ya baridi, viazi na maziwa.
- RN9 inakwenda Bubanza.

Umegundua kwamba RN2 haimo? RN2 haianzii Bujumbura. Inazaliwa Bugarama, juu mlimani, na kupitia Muramvya hadi Gitega. Kwa hiyo safari ya kutoka jiji hili la biashara hadi Gitega, uliofanywa mji mkuu wa kisiasa miaka michache iliyopita, ni ya barabara mbili: RN1 mpaka Bugarama, kisha RN2. Abiria wengi wameipita njia panda hiyo maisha yao yote bila kujua kwamba wamebadilisha barabara. Ukishajua, huipiti tena hivihivi.

Wahandisi hutaja mahali barabarani kwa umbali kutoka mwanzo wake. Wakisema PK 12 ya RN3, wana maana ya kilomita ya 12. Jifunze kuhesabu hivyo. Ukisikia redioni kwamba barabara imekatika kwenye kilomita fulani, utaijua kona yenyewe, mkorosho ulio karibu nayo na duka linalotazamana nayo.

Kwa ufupi: jua namba, jua mwanzo na mwisho, jua umbali. Mambo hayo matatu hayagharimu hata faranga.

RN1, au kwa nini barabara inajipinda

Kama una nafasi ya kuijua barabara moja tu, ijue RN1. Bujumbura iko ukingoni mwa ziwa, chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Bugarama iko takriban mita 2,200. Kati yao kuna kama kilomita 35 tu za barabara. Hesabu yake ni rahisi: unapanda mita 1,400 katika mita 35,000, yaani mita 4 kwa kila mita 100 unazokwenda mbele. Wahandisi huuita huo mwinuko wa asilimia 4.

Asilimia 4 inaonekana kidogo mpaka ukumbuke kwamba ni wastani. Pana sehemu zinazolegea na sehemu zinazokaza, na lori lililojaa saruji linazihisi zote. Kama barabara ingepandishwa moja kwa moja kuelekea kilele, hakuna lori ambalo lingefika. Kwa hiyo mhandisi huirefusha makusudi. Anaipeleka kulia ikifuata ubavu wa mlima, anaigeuza, anairudisha kushoto, na kila mgeuko unaiinua kidogo. Kila kona ya RN1 ni mita za kimo zilizonunuliwa kwa mita za urefu.

Ndani ya basi, jaribu hivi. Tazama upande uliokatwa, ule wenye ukuta wa udongo mwekundu au mwamba. Kisha tazama upande wa pili, ule wa bonde. Udongo uliokatwa huku mara nyingi ndio uliojazwa kule kupata upana wa barabara. Sehemu iliyokatwa ni imara. Iliyojazwa ndiyo hulegea mvua zikizidi, na ndiyo maana nyufa ndefu huanzia upande wa bonde. Baada ya safari mbili tatu utaanza kuzitambua kabla hujazifikia.

Wanaoijua RN1 kuliko wote ni waendesha baiskeli wa mizigo. Hushuka mjini na mikungu ya ndizi iliyofungwa kulia, kushoto na nyuma, mpaka mwendeshaji anaonekana kichwa na mabega tu. Baiskeli zao zimeongezewa vyuma ili fremu isivunjike, na karia imerefushwa kubeba kile ambacho watu wawili wangekibeba kwa shida. Mkono mmoja hauachi breki, mguu mmoja uko tayari kugusa lami. Kabla ya kona, mwenye ujuzi huanza kupunguza mwendo mapema, hukaa karibu na ukingo, na huiacha baiskeli ijilaze kidogo tu, kwa sababu mzigo ukianza kuyumba hakuna nguvu za kuurudisha. Wakati wa kupanda, wengi hushika nyuma ya malori wakavutwa hadi juu. Desturi hiyo imeua wengi na imepigwa marufuku. Ninaieleza kwa heshima ya ujasiri na shida ya watu hao, na kwa ombi la wazi: mpenda barabara asiijaribu kamwe, wala asiwashangilie wanaoifanya.

Ukifika Bugarama, baridi hukupokea mlangoni, na wauza karoti, kabeji na vitunguu hulizunguka gari wakiinua vikapu hadi usawa wa madirisha. Nunua, lakini pia simama utazame. Hapo uko kwenye mgongo unaogawa maji ya Afrika. Mvua inayonyesha upande wa magharibi hushuka hadi Ziwa Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga, huingia mto Kongo na kumwagika Bahari ya Atlantiki. Inayonyesha upande wa mashariki huishia mto Ruvubu, kisha Kagera, kisha Nile, hadi Misri na Bahari ya Mediterania. Barabara hii inakuvusha mpaka huo kwa nauli ya basi.

Adui wa kwanza ni maji

Watu husema barabara imeharibiwa na magari. Magari huimalizia, anayeanza ni maji. Barabara ya lami, au kaburimbo kama tunavyoiita hapa, ni tabaka jembamba la kokoto na lami juu ya matabaka ya changarawe na udongo ulioshindiliwa. Nguvu yake iko chini, kwenye matabaka hayo. Yakilowa, yanalainika, na tabaka la juu halina cha kulishikilia.

Mskoti John Loudon McAdam, aliyefariki mwaka 1836, ndiye aliyelishikilia jambo hili kuliko wengine. Alifundisha kwamba barabara ijengwe kwa mawe madogo yaliyovunjwa na kushindiliwa, iinuliwe juu ya ardhi iliyoizunguka, na iachwe ikauke. Lami yenyewe ilikuja baadaye. Edgar Purnell Hooley alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mchanganyiko wake mwaka 1902.

Kanuni ya McAdam unaweza kuikagua katika mtaa wako leo hii. Tafuta vitu vitatu:

1. Mgongo wa barabara. Katikati panapaswa kuwa juu kidogo kuliko kingo, ili maji yateremke pembeni. Chuchumaa kwenye ukingo utazame kwa mbali, mgongo utauona.
2. Mtaro. Uko wapi, unaelekea wapi, na je, umezibwa na taka au mchanga?
3. Kalvati, yaani bomba au njia ya zege inayopitisha maji chini ya barabara. Tazama mdomo wake wa kuingilia. Ukiwa nusu umejaa mchanga, umeshaijua sehemu itakayoharibika mvua zijazo.

Bujumbura ni darasa la maji kwa sababu mito inateremka kwa kasi kutoka milimani na kuukata mji kabla ya kuingia ziwani: Ntahangwa, Muha, Kanyosha. Nenda kwenye daraja la Ntahangwa, mto unaopita kati ya Buyenzi na Ngagara, utazame kingo zake. Wakati wa kiangazi maji ni kijito cha kuvuka kwa kuruka. Kingo lakini ni kuta ndefu za udongo zilizoliwa, na juu yake pana nyumba na njia zilizosogelewa na bonde mwaka hadi mwaka. Sehemu nyingine zimekingwa kwa gabioni, ambazo ni vizimba vya waya vilivyojazwa mawe na kupangwa kama ngazi. Gabioni hupitisha maji bila kupitisha udongo, na ardhi ikisogea kidogo hujikunja badala ya kupasuka kama zege.

Mji unakumbuka usiku wa Februari 2014, mafuriko yalipoingia mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama miongoni mwao, yakaua watu wengi na kuvunja nyumba na barabara. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, maporomoko ya Gitaza yaliikata RN3. Na upande wa Gatumba adui hakutoka mlimani. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya karibuni, na tena mwaka 2024, maji yalifika barabarani, na RN4, njia ya Uvira, ikawa ya kuvuka majini. Sisemi haya ili kuyafanya maafa kuwa burudani. Kuipenda barabara ni pamoja na kujua kwa nini inaanguka na nani anaumia inapoanguka.

Kwa ufupi: kabla ya kuilaumu barabara yenye mashimo, ufuate mtaro wake. Mara nyingi kosa liko mita hamsini juu ya shimo.

Adui wa pili ni uzito

Baada ya maji ni malori. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani walipitisha magari ya uzito mbalimbali mchana na usiku kwenye barabara za majaribio katika jimbo la Illinois, mpaka barabara zikachakaa. Walichokipata ni hiki: uharibifu hauongezeki sambamba na uzito. Ukiongeza maradufu uzito ulio juu ya ekseli moja, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya kulia na kushoto, uharibifu huongezeka kama mara 16. Ekseli ya tani 10 huichosha barabara kama mara 10,000 kuliko ekseli ya tani 1. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori zima na mizigo yake, pamoja na vikomo vya kila ekseli, na ndiyo maana mizani ya barabarani ina kazi kubwa.

Sasa rudi RN1 kwa jicho hili. Kwenye mpando, lori linalokwenda polepole hukaa juu ya kila sehemu ya lami kwa muda mrefu zaidi. Matokeo yake ni mifereji miwili iliyobonyea pale magurudumu yanapopita. Linganisha upande wa kupanda na wa kushuka, utaona kwamba pande hizo hazikuchakaa sawa. Hesabu ekseli za malori yanayopita: mbili, tatu, sita. Mtoto wa shule anaweza kufanya hivyo, na jioni moja ya kuhesabu itamfundisha mengi kuhusu bei ya kutengeneza barabara.

Tunapita kulia, majirani wanapita kushoto

Burundi, Rwanda na Kongo hupita upande wa kulia. Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto. Kwa hiyo lori lililotoka bandari ya Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya kilomita 1,500 kuja Bujumbura hubadilisha upande linapoingia kwetu, iwe Kobero au mpaka mwingine wa Tanzania. Dereva aliyezoea kushoto tangu bandarini anaingia kulia papo hapo, na mikono yake lazima isahau mazoea ya siku kadhaa.

Mjini kwetu tofauti hii inaonekana kila saa, kwa sababu magari mengi yameletwa kutoka nje yakiwa na usukani upande wa kulia. Dereva wa gari la namna hiyo anakaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori haoni mbele vizuri, na utamsikia akimuuliza abiria wa kushoto kama njia ni nyeupe. Ukiona basi dogo ambalo mlango wake unafunguka upande wa katikati ya barabara, umelitambua lilikotengenezwa: nchi ya wapita kushoto. Angalia jinsi abiria wanavyoteremka kwa tahadhari.

Namba za magari nazo ni mchezo mzuri. Za Tanzania huanza na T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Za Rwanda huanza na R. Kaa mahali salama karibu na barabara ya malori uandike zilizopita kwa saa nzima. Rudia mwezi ujao. Ukurasa wa daftari lako utakuonyesha biashara ya nchi inavyokwenda, na njia ipi imefunguka au imefungwa, kabla hujaisikia mahali pengine.

Mitaa ya mji ina umri

Huhitaji kwenda mbali. Simama Buyenzi, mtaa wa Waswahili, mafundi na gereji. Barabara zake zimenyooka, zinakatana kwa pembe mraba, na zinatajwa kwa namba. Mpangilio huo ni wa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, na uliwezekana kwa sababu ardhi ni tambarare. Kisha panda Kiriri. Mpangilio wa mraba unakufa. Barabara zinajikunja kufuata kimo cha kilima, ili zisipande kwa ghafla. Tofauti ya Buyenzi na Kiriri inafundisha kwamba ramani ya mji imeandikwa kwanza na ardhi, ndipo ikaandikwa na wakubwa.

Majina nayo yana tarehe zake. Bulevadi ya Novemba 28 inakumbusha siku ya mwaka 1966 Burundi ilipotangazwa kuwa jamhuri. Ile ya Novemba 1 inakumbusha mwanzo wa Jamhuri ya Pili mwaka 1976. Barabara ya Mwanamfalme Louis Rwagasore ina jina la shujaa wa uhuru aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wenyewe. Kaburi lake liko juu ya kilima, na kutoka huko barabara zote za katikati ya mji huonekana zikiteremka kuelekea ziwani.

Hata uso wa barabara una historia. Mitaa mingi imewekwa mawe yaliyochongwa kwa mikono, kazi iliyowapa ajira vijana wengi. Mawe hayo hupiga kelele chini ya magurudumu, lakini yana sifa moja ambayo lami haina: bomba la maji likipasuka, fundi huyang'oa, hurekebisha, na kuyarudisha yaleyale.

Na barabara hubadilika kwa amri pia. Machi 2022, pikipiki, baiskeli za abiria na bajaji ziliondolewa katikati ya mji. Uhaba wa mafuta wa miaka iliyofuata ukawashusha wengi zaidi kwenye magari. Watu walitembea, na wakaanza kuona njia za miguu zilivyo: ziko wapi, zinakatikia wapi, na wapi mtaro usio na mfuniko unamngoja mtu gizani.

Jinsi ya kuanza

1. Chagua barabara moja iliyo karibu na kwako. Itembee nzima, mwanzo hadi mwisho, asubuhi ya Jumapili ambapo magari ni machache.
2. Chukua daftari na kalamu. Andika tarehe, hali ya hewa, mitaro, mashimo, madaraja, vibao.
3. Irudie barabara ileile mvua zikinyesha. Ndipo utaielewa.
4. Ukipanda basi, chagua upande. Kwenda Rumonge kaa kulia, ziwa litakuwa lako safari nzima. Kwenda Cibitoke kaa kushoto uone tambarare ya Rusizi na milima ya Kongo. Ukirudi kutoka Cibitoke, kaa kulia.
5. Teremka mahali penye kisa. Kusini kidogo mwa mji, karibu na RN3 huko Mugere, pana jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Walikuwa wamekutana Ujiji kabla ya hapo; Mugere ni moja ya vituo vya safari yao ya ziwani.
6. Zungumza na watu wa barabara: makondakta, wauza matunda, wanaozibua mitaro. Salimia kwanza, nunua kitu, ndipo uulize.

Tahadhari nazo ni muhimu. Penye barabara isiyo na njia ya miguu tembea upande wa kushoto, ili magari ya upande wako uyaone yakija usoni. Usisimame ndani ya kona. Usipige picha kambi, vituo vya polisi, mipaka wala madaraja bila ruhusa. Daftari halimtishi mtu. Rudi nyumbani kabla giza halijaingia. Na watoto wasiachwe peke yao kando ya barabara kuu, hata wakiwa na hamu kiasi gani.

Faida yake nini?

Ipo faida ya moyo: safari ya kila siku, iliyokuwa ya kuvumiliwa tu, inakuwa na mambo ya kusubiriwa. Lakini ipo pia faida ya jirani. Mtu aliyeandika kwa miaka kadhaa kwamba kalvati ya mtaa wake huziba kila Novemba, na kwamba maji huvuka barabara mahali palepale kila Februari, ana kitu ambacho mhandisi aliyetumwa kwa wiki moja hana. Siku mtaa ukikutana na viongozi kuhusu mtaro, daftari lake linaweka tarehe mezani mahali ambapo wengine wana malalamiko tu. Dereva atakuwa amelipita shimo lile mara elfu, akilikwepa kila mara. Wewe ndiye uliyesimama ukalifuata hadi chanzo chake.

Mambo ya kukumbuka katika sura hii:

- Asiyeendesha ana macho huru, ayatumie.
- Namba, mwinuko, maji na uzito hueleza karibu kila kitu unachokiona barabarani.
- RN1 ni ya kusoma milima, RN3 na RN4 ni za kusoma ziwa, na mitaa ya mji ni ya kusoma historia.
- Andika tarehe kila unapoona jambo. Bila tarehe, ulichoona hakiwezi kumsaidia mtu mwingine.